Vidonge vya Saa Nne

Jumatatu, 14 Oktoba

Daftari hili kwa haki ni la Constance. Dokta Kalaba amesema atafutwe mtu mmoja wa kuandika kila kitu atakachokula rafiki yangu baada ya kukatwa tumbo, kila kijiko, kila kidonge, kila kutapika. Constance akaninyooshea kidole: "Huyu. Mushonaji anaandika kila kitu." Sawa. Lakini kurasa ni mia moja na chakula chake kitakuwa vijiko viwili, kwa hiyo nafasi itakayobaki nitajisemea yangu.

Constance ana miaka arobaini na moja, depo ya samaki wa barafu katika soko la Kampemba, na kilo mia moja arobaini na nane. Ana sukari. Mama yake naye alikuwa na sukari: walimkata mguu mmoja, wakamkata wa pili, halafu tukamzika. Nilikuwa naye siku zote tatu hizo. Mwaka jana aliniambia, "Amida, mie sitaki kuzikwa vipandevipande." Basi watampunguza tumbo libaki na ukubwa wa ndizi. Mimi naogopa kuliko yeye.

Tunaojua ni watatu: mimi, mumewe Godefroid na dokta. Wengine wote, hata mama mkwe, wameambiwa anaenda kutolewa uvimbe wa uzazi. Nilimuuliza kwa nini uongo huo. Akasema, "Hapa muntu akikonda banasema iko na ile ugonjwa, ao banamuloga. Nani atanunua samaki mu mikono ya muntu mwenye kufa?" Hapo alikuwa na haki.

Alhamisi, 24 Oktoba

Amekatwa. Yuko hai, alhamdulillahi. Mvua ya kwanza imenyesha, ya kulaza vumbi tu.

Jumatatu, 28 Oktoba

Amerudi nyumbani. Maji ya supu, vijiko vinne. Kidonge cheupe cha kliniki saa nne asubuhi. Nitafika kila siku saa hiyo kumpa mwenyewe, ndivyo tulivyopatana.

Nimemkuta mama mkwe. Mama Mwelwa ametoka Kipushi na mabakuli matatu amefunga kwa kikwembe: bukari, ule ugali wetu, sombe ya majani ya mihogo na samaki. Akaweka mbele ya mgonjwa, akanawa mikono, akangoja wale pamoja sahani moja kama ilivyo desturi. Constance akasema hana hamu. Mama mkwe akatazama bukari, akamtazama yeye, akasema polepole: "Mukwe wangu anaanza kuogopa mikono yangu?" Constance angejibu nini, na uongo umeshasimama mlangoni?

Mimi nilimtazama huyo mama vizuri. Mtu asiye na neno baya moyoni, wazo la kuogopwa mikono linamjia kutoka wapi?

Jumamosi, 9 Novemba

Kiuno kimeshuka sentimita kumi na moja. Nilipima mara mbili, sikuamini futi yangu.

Jumatano, 13 Novemba

Supu vijiko sita. Hakutapika.

Jumanne, 19 Novemba

Amerudi depo. Kabla hajatoka nimemvalisha sidiria yenye pamba, gaguro nililoshonea sponji kiunoni na makalioni, juu yake vikwembe vitatu. Tulicheka mpaka akashika kidonda. "Amida, unanirudishia mafuta yenye nililipa banitoshe ku mwili!" Sokoni wakamwambia uzazi umempa rangi nzuri. Jua lilikuwa kali, yeye ndani ya sponji anatiririka jasho, anauza samaki, anatabasamu. Nilimpenda sana leo.

Jumapili, 1 Desemba

Mama Mwelwa bado yupo. Mgonjwa ameshapona, anatembea, anauza, na mama hajataja hata siku ya kurudi Kipushi. Jikoni anaingia peke yake, anafunga mlango eti moshi usitoke. Leo amemletea Constance munkoyo, togwa ya mahindi, kwenye kopo, nikaona mzizi mwekundu umebaki chini. Nikauliza mzizi gani huo. Akanijibu kwa jina la binti yangu: "Mizizi ya munkoyo, Mama Djamila. Unataka itiwe nini, misumari?" Godefroid akacheka. Mimi sikucheka. Constance alipokwenda chumbani nikaumwaga uani.

Mvua siku ya tatu mfululizo. Nguo za wateja hazikauki.

Alhamisi, 12 Desemba

Godefroid huenda mtaa wa Makomeno kila Alhamisi. Mwenzangu wa duka la jirani, Ramla, amemwona mara tatu akishuka pale na shati lililopigwa pasi, akiingia kwa mwanamke mmoja aitwaye Keren. Mara tatu! Mwanamume anayefanya kazi reli, mke wake amekonda kilo thelathini, na yeye anapiga pasi shati Alhamisi. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Nilimuuliza Constance kama anajua mumewe anakwendaga wapi. Akasema, "Anatembea. Leka atembee." Masikini. Tumbo limepunguzwa, moyo umeachwa vilevile.

Jumatatu, 16 Desemba

Vidonge vyeupe vimekwisha. Godefroid amenikabidhi chupa nyingine: "Hii njo ile mupya, Mama Djamila. Moja kila siku, saa ine."

"Imetoka wapi?"

"Kuko muntu ananitafutia."

Kuko muntu! Nimefungua. Vidonge ni vya njano kama kiini cha yai, vinanuka kama chachu iliyolala. Karatasi ya chupa siielewi hata mstari. Nimempa kimoja kwa sababu Godefroid alikuwa amesimama pale pale.

Jumatano, 18 Desemba

Leo nimepata nilichokuwa natafuta. Constance alitoka msalani anacheka: "Kuja uone, mikojo yangu imekuwa njano kama Fanta!" Nikaenda kuona. Wallahi ilikuwa inang'aa. Katika maisha yangu sijaona mkojo wa rangi ile kwa mtu mzima mwenye afya. Yeye anacheka, mimi nikarudi kuitazama ile chupa.

Nimejumlisha. Mama hataki kurudi kwake. Mume ana mwanamke Makomeno. Depo iko kwa jina la Constance. Na sasa kidonge kisicho na jina kinachotoka kwa "muntu." Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikimwambia Constance atamwendea mumewe, mumewe atanifukuza, na nani atabaki kumlinda? Kwa hiyo sijamwambia. Nimenunua vidonge vyeupe vya kalsiamu, vile vya wajawazito, havina ubaya. Vya njano nitakuwa nachukua kimoja kila siku na kukitupa chooni, chupa ipungue kama kawaida. Nimemwambia Constance kwamba dokta amerudisha vile vya kwanza, ila asimsumbue Godefroid kwa hilo. Akameza bila kutazama, macho yake kwenye simu. Ananiamini hivyo.

Ijumaa, 20 Desemba

Mkojo umerudi rangi yake. Nilijua!

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Nilikwenda mchana kuwasalimia, kama wao wanavyokuja kwangu Idi. Meza imejaa. Constance akaona macho ya mama mkwe yamemkalia, akamega tonge la bukari, akachovya, akala. Akamega la pili. Mama Mwelwa akapiga vigelegele, kweli, akasimama kabisa akapiga vigelegele. Dakika kumi baadaye Constance alikuwa uani ametapika mpaka povu.

"Bukari yangu haijatapishaka muntu," mama akasema. Nikamtazama, naye akaniona ninavyomtazama.

Jumapili, 29 Desemba

Ametapika mara nne. Kalsiamu saa nne.

Ijumaa, 3 Januari

Ametapika mara tano. Hata maji. Godefroid anataka arudi kliniki, Constance hataki: kliniki iko karibu na soko, watu watamwona. Nami nikasema angoje kidogo. Nilitaka kwanza nijue anayemtapisha.

Nimekaa jikoni siku nzima. Mama Mwelwa amepika mboga ya lengalenga, akala mwenyewe, akalala.

Alhamisi, 9 Januari

Anasema nyayo zinawaka moto halafu zinakufa ganzi. Viatu vinamtoka bila yeye kujua. Nimemkanda na mafuta ya shehe niliyoletewa na mume wangu Idriss. Mvua haikatiki, barabara yetu imekuwa mto, nafika kwake nimelowa mpaka magotini.

Nimempigia simu kaka yake, Kapya, anayekaa Kasapa. Nimemwambia kila ninachokiona: mama hataki kuondoka, mizizi, kutapika, miguu. Neno lenyewe, la uchawi, sikulitaja. Alilitaja yeye: "Bulozi." Sikumkatalia.

Jumanne, 14 Januari

Ninaandika nikiwa hospitali.

Saa nne nilifika na vidonge vyangu. Constance alikuwa amekaa kitandani. Akaniambia, "Mama, miguu yako imerudi?" Nikamwuliza ananiona nani. Akanitaja kwa jina la mama yake, marehemu. Macho yake yalikuwa yanacheza kama mtu anayetazama treni ikipita, hayatulii. Akasema mnaingia wawili wawili, kwa nini mko wawili wawili. Nikamsimamisha. Magoti yakakunjika, akanivuta, tukaanguka wote.

Nikapiga kelele. Mama Mwelwa aliingia mikono imejaa unga. Mimi nikamwambia, Mungu anisamehe, "Usimuguse! Umeshamumaliza!" Yeye akapiga goti, akaingiza mabega chini ya kwapa la Constance, akamwinua. Mwanamke wa miaka sabini! "Ita taksi, Mama Djamila. Utanitukana mu njia." Mimi nilikuwa nasema aende kwanza kwa shehe, akaandikiwe kombe la aya alinywe. Nilisema hivyo mara tatu. Yeye na taksimani wakamtia garini, nami nikakimbia na mvua nikaingia nyuma.

Dokta Kalaba aliangalia macho, akagonga magoti kwa kinyundo, hayakuruka. Akauliza: ametapika tangu lini? Wiki tatu. Akakunja uso. Akasema mtu aliyekatwa tumbo akitapika hivyo mwili unaishiwa vitamini moja, B1, na bila hiyo ubongo na miguu vinazima. Ndiyo maana ya vile vidonge vya njano. Hapo ndipo Mama Mwelwa alipojua hakukuwa na uvimbe wa uzazi.

Halafu akanigeukia mimi, mwenye daftari. "Vidonge alikuwa anameza?"

Godefroid, aliyetufuata kutoka kazini, ananitazama. Mama Mwelwa ananitazama, unga umekauka mikononi.

Nikasema, "Ndiyo. Kila siku, saa ine."

Dokta akatikisa kichwa kama haelewi, akaagiza sindano hata hivyo. Baadaye kidogo akaingia mwanamke mzee mwenye gongo, na kisanduku cha barafu kifuani. Godefroid akamwita kwa jina: Keren. Keren wa Makomeno! Ana farmasi ndogo, mguu mmoja mbovu, wajukuu pengine kumi. Akamwambia Godefroid, "Sindano njo hii. Lakini sielewi ni namna gani, baba. Ile ya njano nilileta toka Lusaka miye mwenyewe, ilikuwa ya muzuri. Na inageuzaka mikojo njano, nilikuambia asishituke." Godefroid akasema alisahau kutuambia.

Nilitoka nje nikatapika mimi.

Ijumaa, 17 Januari

Sindano. Macho yametulia kidogo. Ananijua kwa jina.

Jumatano, 22 Januari

Anaongea vizuri. Hakumbuki Noeli wala mwezi huu. Miguu bado. Dokta anasema itarudi polepole, pengine yote, pengine siyo yote, na vidonge vya njano asivikose hata siku moja tena. Anaposema "tena" nainamia daftari.

Constance ameshika mkono wangu: "Bila wewe ningekufa." Ningemwambia pale pale. Nikasema pole, nikamfunika.

Jumamosi, 1 Februari

Ameletwa nyumbani juzi. Leo mchana watu wametupa mawe juu ya bati la chumba cha Mama Mwelwa. Mmoja akapita akiimba, "Mulozi, rudisha miguu ya mukwe." Nilikuwa ndani. Mama alikuwa anakunja nguo zake, anazitia kwenye begi. Akaniuliza kama namfahamu mtu anayekwenda Kipushi kwa gari, maana anaogopa kusimama kituoni. Wiki iliyopita kule ng'ambo ya soko bibi mmoja amechomewa nyumba kwa maneno ya namna hiyo.

Maneno hayo niliyapanda mimi, kwa simu yangu, kwa vocha yangu.

Kapya ameitisha kikao kesho baada ya misa.

Jumapili, 2 Februari

Sebuleni tulikuwa hivi: Kapya na wajomba wawili kwenye kochi kubwa, Godefroid amesimama, Constance kwenye kiti cha mito, mimi karibu na mlango. Mama Mwelwa alikalishwa kwenye kigoda katikati, begi miguuni.

Kapya ni msomi, anafanya kazi chuo kikuu, na alipanga maneno yake kisomi. "Dokta anasema ni vitamini ilikosa. Muzuri, mie naamini dokta. Lakini vitamini alikuwa anameza! Kila siku saa ine, Mama Djamila njo shahidi. Chupa ilikuwa inapunguka, shemeji aliona. Sasa vitamini yenye iliingia mu mudomo na haikufika mu damu, ilienda wapi? Nani alikuwa anaikula mu njia?"

Wajomba wakaguna. Hata Godefroid aliinamisha kichwa. Ilikuwa hesabu safi kabisa, na mimi ndiye niliyempa tarakimu.

"Mama Djamila, sema mbele ya bantu. Alikuwa anameza?"

Mama Mwelwa hakunitazama. Alikuwa anatazama begi lake. Nilimsubiri anitukane, ingenisaidia. Hakunitukana.

Nikasema: "Hapana."

Nikasema yote. Mkojo, Makomeno, munkoyo niliomwaga, vidonge vya njano chooni, kalsiamu, simu ya Kasapa, uongo wangu kwa dokta. Nilisema kwa haraka nisije nikaacha kitu. Kapya alinijia juu, Godefroid akamshika kiuno. Mjomba mmoja akawa anauliza, "Anasema nini? Huyu muisilamu anasema nini?" Mama Mwelwa akaomba maji. Hakuna aliyesikia, akaomba tena.

Constance hakulia. "Siku ngapi?" akaniuliza.

"Ishirini na nane."

"Na kila siku ulikuwa unaniangalia mu macho."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unafikiri bwana wangu na mama yangu banataka kuniua, na haukuniambia miye mwenye kuuawa?"

Akageuza uso.

"Enda kwako, Amida."

Jumatatu, 3 Februari

Nimeshona. Mvua.

Jumatano, 12 Februari

Idriss ameniuliza kwa nini sili. Akasema, "Ulichunguza watu wote, wewe mwenyewe ukajiruka." Nimemjibu vibaya. Baadaye nikamwomba radhi.

Alhamisi, 20 Februari

Nimepita mbele ya depo. Imefunguliwa, Godefroid ndiye anauza. Aliniona. Hakunifukuza wala hakuniita.

Jumapili, 2 Machi

Ramadani imeingia. Mvua zinapungua.

Jumatano, 5 Machi

Mama Mwelwa amekuja kwangu kwenye cherehani. Niliinuka, futi ikaanguka. Alikataa kiti.

"Sikukuja juu yako," akasema. "Nimekuja juu ya mutoto. Siku tano hamezi. Godefroid akimupa anatupa chini. Miye nikimupa anatupa chini. Dokta alikuja, akamupa, akaitema mu mukono. Anasema mikono yenye aliamini kuliko yote ilimudanganya, sasa aamini ya nani. Leo asubuhi kiatu kilimutoka, hakusikia."

Nikauliza mimi nifanye nini, kama mimi ndiye chanzo.

"Anasema wewe umeze mbele. Kama muntu anayeleta kinywaji kwa mugeni, anaonjaka yeye wa kwanza. Ukimeza, atameza."

Nikamwambia nitakuja jua likizama, nikishafuturu. Akanitazama, yule mama niliyetaka auawe bila kujua kwamba nataka. "Utaona wewe," akasema. "Saa ine njo hii."

Nikafunga duka.

Constance alikuwa kwenye kiti kilekile. Amekonda sana, hana sponji, hana vikwembe vitatu, shingo yake sikuwahi kuijua. Hakunisalimu. Akamimina vidonge viwili vya njano kiganjani, akaninyooshea kimoja pamoja na kikombe cha maji.

"Meza."

"Constance, tuko mu Ramadani."

"Minajua. Futari yako nilianza kuipika tangu tukiwa bamwali."

Nilitaka kusema mengi. Kwamba jua litazama baada ya saa nane tu. Kwamba kwangu hiki ni kitu kizito. Yeye anajua uzito wake, ndiyo maana alikichagua. Nikatazama miguu yake, mmoja una kiatu, mmoja hauna. Nikasema bismillahi, nikameza, nikanywa maji. Yalikuwa matamu, na niliona haya.

"Fungua mudomo."

Nikafungua.

"Inua lulimi."

Nikainua. Alichungulia muda mrefu, kwa makini, kama anavyochungulia mashavu ya samaki kabla hajamnunua. Nilikaa hivyo kinywa wazi mbele ya mama mkwe wake, machozi yananiingia mdomoni. Halafu akachukua kidonge chake, akameza, akangoja mpaka kikashuka.

"Kesho saa ine," akasema.

"Constance..."

"Kesho saa ine, Amida. Usichelewe."

Sikuuliza mpaka lini.